Utafiti wa Usonji kwa Mfuko Mwembamba: Mtu Mmoja wa Kisaki Anaweza Nini?

Mtu anayetaka kuutafiti usonji nchini Tanzania bila kuajiriwa na chuo wala taasisi ana njia mbili za kupata muda. Atafute mfadhili, au ajibane. Kujibana kunajulikana: chumba cha kupanga cha bei ya chini, ugali na mboga za jirani, nguo mpya zisubiri, na kila siku iliyookolewa kwenye mbio za hela igeuzwe siku ya kusoma, kusikiliza wazazi na kuandika. Njia hii ina heshima yake, kwa sababu hakuna mfadhili anayemwandikia mtafiti jibu kabla ya swali. Uchambuzi huu unauliza: njia hiyo ikifuatwa Kisaki itazaa nini, na gharama yake ataibeba nani?

Kisaki haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ni kata iliyo pembezoni mwa Wilaya ya Morogoro, kusini mwa Milima ya Uluguru, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wakutu, Waluguru na wahamiaji wengi wanalima mpunga, mahindi na ufuta, na wafugaji wanapitisha mifugo yao humo humo. Barabara inayotoka Bigwa, Morogoro mjini, hupita Mkuyuni, Matombo, Mvuha na Duthumi, zaidi ya kilomita 100, na masika ikikolea safari hiyo haina uhakika. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni pale. Maisha ni nafuu kuliko Morogoro mjini, seuze Dar es Salaam. Anayetaka kubana matumizi patamfaa. Anayetaka kuutafiti usonji naye patamfaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu usonji Tanzania yametoka kwa watoto waliofikishwa hospitali na shule za mijini. Mtoto wa Kisaki asiyesema akiwa na miaka minne hayumo kwenye maandishi hayo.

Mbali na kliniki

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani. Huonekana katika namna mtu anavyowasiliana na wenzake, katika kushikilia ratiba na mambo machache kwa nguvu, na mara nyingi katika kusumbuliwa na sauti, mwanga au mguso. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaofundisha vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoutambua. Mtaalamu humtazama mtoto, humhoji mzazi, kisha huamua.

Mtaalamu huyo hayupo Kisaki. Mzazi anayepewa rufaa atapanda gari au treni, na safari yake inaweza kuishia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Tangu Juni 2024 treni ya SGR imeufupisha muda kati ya Morogoro na Dar es Salaam, lakini kipande kigumu ni kile cha kabla ya Morogoro. Ongeza malazi ya mjini, siku za shamba zilizopotea, na uwezekano wa kuambiwa urudi baada ya miezi kadhaa. Wengi huishia njiani. Shule nazo ni chache. Msimbazi Mseto ya Ilala, Dar es Salaam, ni miongoni mwa shule za msingi za serikali zenye kitengo cha watoto wenye usonji. Kijijini mtoto wa aina hiyo hukaa darasa la kawaida, akaonekana mkorofi, au hubaki nyumbani.

Pengo hili ndilo linaloupa nguvu wito wa mtafiti huru. Mwalimu au muuguzi anayeishi palepale huwaona watoto hao kila siku, wakati profesa huwaona mara moja, wakiwa wamechoka na safari. Hata hivyo ukaribu pekee haujawahi kumfanya mtu mtafiti. Historia ya usonji inaonyesha pande zote mbili.

Walioanza bila ofisi

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Johns Hopkins nchini Marekani, alieleza watoto 11 wenye hali aliyoiita usonji. Kwa takriban miaka 20 iliyofuata, madaktari wengi wa akili waliamini kuwa chanzo ni mama asiyempenda mtoto wake. Aliyeipiga dhana hiyo pigo zito hakuwa daktari wa watoto. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa Jeshi la Majini huko San Diego, na mwanawe Mark, aliyezaliwa mwaka 1956, alikuwa na usonji. Kwa muda wake mwenyewe, bila ruzuku ya kazi hiyo, alisaka makala kwenye maktaba, akapima hoja moja moja, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichoonyesha kuwa usonji ni suala la ubongo, wala si malezi baridi. Kanner mwenyewe aliandika dibaji. Nyuma ya kitabu Rimland aliweka dodoso, na wazazi wakalijaza na kumrudishia kwa posta. Mtu mmoja, kwa gharama ya bahasha, akaanza kukusanya taarifa za watoto ambao hospitali haikuwafikia.

Uingereza, Lorna Wing alikuwa daktari na mama wa binti mwenye usonji. Yeye na Judith Gould waliwafuatilia watoto wa eneo la Camberwell, London, na mwaka 1979 walionyesha kuwa hali hii ina sura nyingi kuliko ile finyu ya Kanner. Canada, Michelle Dawson alikuwa akisambaza barua za posta. Yeye mwenyewe ana usonji na hana shahada ya utafiti. Alisoma machapisho ya kisayansi hadi akaanza kuwaonyesha wataalamu makosa yao, na Laurent Mottron wa Montreal akamkaribisha kwenye kundi lake. Mwaka 2007 walichapisha utafiti uliodhihirisha kuwa akili za watu wenye usonji zilikuwa zikipimwa kwa mtihani usiowafaa: wakipewa mtihani wa michoro badala ya ule unaotegemea mazungumzo, alama zao zilipanda sana.

Wanaotaja mifano hii kuhamasisha vijana huacha jambo moja. Rimland alikuwa na mshahara wa jeshi. Wing alifanya kazi ndani ya taasisi ya utafiti. Dawson aliyaanza masomo yake akiwa mfanyakazi wa posta, na kazi yake ikapata uzito alipoungana na maabara. Hakuna aliyeacha kila kitu akaishi kwa kujinyima peke yake. Walijitegemea kimawazo kwa sababu matumbo yao hayakutegemea majibu waliyotoa. Kwa Kisaki, somo lake ni kwamba mwalimu mwenye mshahara mdogo wa uhakika, au mkulima mwenye ekari za ufuta na msimu mmoja wa mapumziko, ana msingi imara kuliko kijana aliyeacha kazi mjini akaja na akiba ya miezi sita. Akiba inapokaribia kuisha, mtafiti huanza kutamani matokeo, na anayetamani matokeo huyaona hata yasipokuwepo.

Uhuru bila mkaguzi

Rimland huyo huyo ndiye onyo. Aliyewashinda wataalamu mara moja alizoea kuwashinda. Miaka iliyofuata alitetea dozi kubwa za vitamini na kuzitilia shaka chanjo, akitegemea zaidi ripoti za wazazi zisizo na kundi la kulinganisha. Dodoso lililokuwa silaha yake dhidi ya uongo likawa chanzo cha madai yasiyothibitika.

Udhaifu wa ripoti za aina hiyo ulionekana wazi katika suala la sekretini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi nchini Marekani walisikia kuwa sindano ya homoni hiyo ya tumbo inawafungua watoto midomo. Watafiti wakawachukua watoto 60, baadhi wakapewa sekretini na wengine maji ya chumvi, bila wazazi kujua nani kapata nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na sekretini haikuonyesha faida yoyote ya ziada. Watoto hukua, wazazi huangalia kwa matumaini, na siku mbaya hufuatwa na siku afadhali. Wazazi wengi waliosomewa matokeo hayo bado waliitaka dawa. Hawa hawakuwa wajinga. Ni watu waliokuwa ndani ya tukio, na aliye ndani ya tukio hawezi kulihukumu peke yake. Mtafiti wa Kisaki anayeishi nyumba ya pili na mtoto anayemtafiti yumo ndani ya tukio vilevile.

Vyeti navyo havikingi. Andrew Wakefield alikuwa daktari wa hospitali ya London alipochapisha, mwaka 1998, makala ya watoto 12 yaliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Alikuwa amelipwa na wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Aliyefichua ni mwandishi wa habari, Brian Deer. Mwaka 2010 jarida lililoyachapisha liliyafuta makala hayo na Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliowafuatilia watoto 657,461, haukukuta uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji.

Madhara yaliwafikia watu wa Afrika Mashariki. Wasomali wa Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, walikuwa wamehoji kwa miaka kwa nini watoto wao wengi wako madarasa ya elimu maalumu. Swali lilikuwa la haki. Wataalamu walichelewa kulijibu, na wapinga chanjo, Wakefield akiwamo, wakawahi vikao vya wazazi. Watoto wa Kisomali waliochanjwa surua kwa wakati huko Minnesota walishuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi asilimia 42 mwaka 2014. Mwaka 2017 surua ililipuka na kuwashika watu zaidi ya 60, wengi wao watoto wa jamii hiyo. Utafiti wa usonji unaofanywa vibaya unaweza kuua hata watoto wasio na usonji. Katika kata ambayo kadi ya kliniki ni miongoni mwa nyaraka ambazo mama huzitunza kwa bidii, neno moja la "mtafiti wetu" dhidi ya chanjo lingetosha.

Somo la Mahenge

Mfano unaofaa zaidi uko ndani ya mkoa huu huu wa Morogoro, ng'ambo ya hifadhi. Louise Jilek-Aall, daktari kijana kutoka Norway, alifika Tanganyika mwaka 1959. Huko Mahenge alikuta watu wengi wenye kifafa, waliotengwa kwa hofu kuwa mate yao yanaambukiza, baadhi wakiwa na makovu ya kuungua baada ya kuangukia moto. Akafungua kliniki ndogo. Dawa kuu ilikuwa fenobabito, ambayo ni ya bei nafuu. Kitendea kazi chake kikubwa kilikuwa kumbukumbu: nani, wa ukoo upi, alianza lini, anaangukaje.

Katika kumbukumbu hizo aliandika jambo ambalo vitabu vya wakati ule havikuwa na mahali pa kuliweka. Baadhi ya watoto walianza kwa kutikisa kichwa, wakiinamisha mara kwa mara kama wanaosinzia. Mwaka 1965 alichapisha taarifa ya kifafa miongoni mwa Wapogoro, wenyeji wa Mahenge. Dunia haikujali. Miongo ilipita, ugonjwa wa kutikisa kichwa ukajitokeza kusini mwa Sudan na kaskazini mwa Uganda, na watafiti wakarudi kufungua maandishi ya Mahenge. Leo uhusiano kati ya aina hiyo ya kifafa na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi weusi wa mitoni, unachunguzwa na makundi ya kimataifa pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Jilek-Aall hakuweza kutambua chanzo, na hakudai kukitambua. Aliandika alichokiona kwa usahihi kiasi kwamba waliokuja na vifaa miaka 40 baadaye waliweza kukitumia. Wagonjwa wakati huohuo walipata dawa. Huu ndio ukubwa halisi wa kazi ambayo mtu mmoja mwenye kidogo anaweza kuifanya, na si ukubwa wa kudharauliwa.

Usonji wenyewe una mfano wa Tanzania. Mwaka 2006 Raymond Mankoski na wenzake, wakiwamo madaktari wa Kitanzania, walichapisha taarifa ya watoto 20, kati yao 14 wakitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri hadi walipougua malaria kali yenye homa ndefu na degedege, na dalili zikaanza walipopona. Kwa wengine wanne, malaria na dalili zilikaribiana kwa muda, lakini tayari walikuwa wamechelewa kidogo kabla. Waandishi walitenganisha makundi hayo kwa uangalifu na hawakutangaza kuwa malaria husababisha usonji. Watoto 20 walitosha kuibua swali ambalo Ulaya isingeliibua, na hawakutosha kulijibu. Kwa Kisaki, bonde la joto na mbu, swali hilo bado ni la moto.

Keki ya bethidei

Anayejibana atakutana na ukuta wa vifaa. Kipimo kinachotumika sana duniani kumtazama mtoto, kiitwacho ADOS, huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani, kabla ya gharama ya mafunzo. Hata angepewa bure, kuna tatizo ndani yake. Katika hatua za watoto wadogo, mpimaji humwekea mtoto mwanasesere, humtengenezea keki ya bethidei ya kuigiza, huchomeka mishumaa na kuangalia kama mtoto ataimba, atapuliza, atamlisha mwanasesere. Mtoto wa Kisaki ambaye hajawahi kuona mshumaa juu ya keki atakaa kimya. Ukimya huo unasema nini kuhusu ubongo wake? Hausemi kitu.

Dodoso la M-CHAT, la maswali 20 kwa wazazi wa watoto wa miezi 16 hadi 30, ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Nalo linahitaji akili ya mwenyeji. Linauliza kama mtoto hunyoosha kidole kukuonyesha kitu cha kupendeza, mathalani ndege angani. Kisaki treni ya TAZARA inafaa zaidi. Linauliza kuhusu kutazamana machoni, na hapo mama atasita, maana mtoto aliyelelewa vizuri hainui macho mbele ya mkubwa. Ashley Harrison, Karim Manji wa Muhimbili na wenzao wamefanya kazi ya kurekebisha vipimo na mafunzo ya wazazi kwa mazingira ya Tanzania, na Kilifi nchini Kenya kundi la Charles Newton na Amina Abubakar limefanya hivyo kwa miaka mingi. Mtafiti huru hana sababu ya kuanza sifuri, na hana ruhusa ya kubadili swali kienyeji kisha akalinganisha alama zake na za wengine.

Kuna maswali ambayo lazima ayaache. Kiwango cha usonji katika kata ni mojawapo. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake, katika utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2014, walichuja watoto 1,169 ili kufikia makadirio ya takriban watoto saba kwa kila elfu. Hiyo ni kazi ya timu, gari na madaktari. Chanzo ni swali jingine la kuacha. Tiba ni la tatu, na hilo aliache kwa kiapo. Mwaka 2005 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki akipewa dawa ya kuondoa madini mwilini ambayo hakuihitaji.

Daftari linaweza nini

Yapo maswali ambayo hayahitaji mashine, na ambayo aliye mbali hawezi kuyajibu. Mama alianza lini kuwa na wasiwasi, na ilichukua muda gani hadi mtu mwenye ujuzi akamsikiliza? Familia ilianza kwa nani: bibi, mganga, shehe, mchungaji au zahanati? Joseph Gona na wenzake walipowahoji wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha maelezo ya uchawi, laana na mapepo yakikaa kikao kimoja na maelezo ya homa, uzazi mgumu na urithi. Watu hawachagui moja na kutupa jingine. Kisaki nako kuna mpangilio wake, na hakuna aliyeuandika.

Suala la ukoo ni mfano mzuri. Waluguru na Wakutu huhesabu ukoo kwa mama. Anayemhoji baba pekee, kwa kuwa ndiye aliyekaa barazani, atakosa habari za wajomba na za bibi mzaa mama. Anayetaka ridhaa ya familia akaishia kwa baba anaweza kugundua kuwa mjomba, mwenye sauti katika mambo ya mtoto, hakuwahi kuulizwa. Mgeni angejifunza hilo kwa makosa. Mwenyeji analijua.

Swali lenye utajiri kuliko yote ni la watu wazima. Utafiti wa usonji barani Afrika umejikita kwa watoto, kana kwamba wakifika miaka 18 hutoweka. Mtu wa miaka 40 asiyependa mazungumzo, anayekwenda shambani njia ileile saa ileile, anayeaminiwa kuamia ndege kwenye mpunga kwa kuwa hachoki na hapigi soga, anaishije? Nani anamtunzia fedha? Ameoa? Wazee wake wakifa itakuwaje? Majibu ya maswali haya yangewafaa wazazi wa leo kuliko makala nyingine mia za chanzo.

Ubora wa daftari uko katika kuandika kilichoonekana kabla ya kuandika maana yake. Mtu asiyefunzwa ataandika: "Mtoto mkaidi, haitiki." Aliyefunzwa angeandika mathalani hivi: "Jumatano, saa 3 asubuhi, uani. Mama yuko nyuma yake hatua tano. Amemwita kwa jina la nyumbani mara nne, hakugeuka. Pakiti ya biskuti ilipochanwa nyuma yake, aligeuka mara moja." Sentensi hizi chache zinaonyesha kuwa masikio yanapokea kitu, hivyo kutoitika kuna sababu nyingine ya kutafutwa, ingawa kipimo cha usikivu bado kinahitajika. Miaka 20 baadaye mtu mwingine anaweza kuzisoma na kufikia uamuzi wake. Neno "mkaidi" halimwachii cha kusoma.

Nani analipa?

Kujibana kuna mipaka ya haki. Mtu mzima akiamua kula mlo mmoja kwa ajili ya utafiti, ni uamuzi wake. Mke au mume, watoto wa kusomeshwa na mzazi mgonjwa hawakusaini. Kiutafiti pia umaskini hula ubora: simu isiyo na bando haifungui makala, kompyuta iliyokufa bila nakala ya akiba inazika kazi ya miaka, na mtafiti mwenye malaria asiye na nauli hataweza kufuatilia. Kuna gharama tatu ambazo hazibaniki: nakala ya akiba ya kumbukumbu, kibali cha maadili, na nauli ya kuonana na msimamizi. Asiyeweza kuzilipa asubiri.

Kibali si urasimu wa bure. Utafiti wa afya unaohusu binadamu unapaswa kupitiwa kimaadili, na NIMR ndiko iliko kamati ya taifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya na za watoto. Kijijini ulinzi huo ni mgumu kuliko mjini. Ukiandika "mvulana wa miaka saba, karibu na stesheni, baba mfugaji", umeshamtaja. Kuficha jina hakutoshi, maana kila mtu anajua nyumba. Mtafiti lazima abadili au aache maelezo yanayomtambulisha mtoto, na ayafungie maandishi ya awali mahali ambapo hata mkewe au mumewe hafiki.

Upande wa pili wa haki unazihusu taasisi. Ni rahisi kwa mradi mkubwa kumkuta mtu wa kijijini aliyekusanya kumbukumbu kwa miaka, kumpa posho ya siku mbili, kuchukua madaftari na kumshukuru kwa mstari mmoja mwishoni mwa makala. Sifa ya kujinyima hapo hugeuka mtego: kwa kuwa alizoea kufanya bure, anaendelea kufanyishwa bure. Mottron alipomkuta Dawson alimfanya mwandishi mwenza. Hicho ndicho kipimo cha ushirikiano wa haki, na vyuo vyetu vinapaswa kupimwa nacho.

Hukumu

Kubana matumizi kunanunua muda na ujasiri wa kuuliza swali lisilolipa. Hakununui ukweli. Ukweli hupatikana pale mtu anapokubali kazi yake ikaguliwe na asiyempenda wala kumtegemea. Rimland alipokuwa akijibu hoja za wapinzani wake alifika mbali. Alipoanza kuwasikiliza wanaomkubali tu alipotea. Kwa hiyo mtafiti huru wa Kisaki anawezekana, kwa masharti: awe na riziki isiyotegemea majibu yake, awe na mkaguzi wa nje aliyekubali kumpinga, aachane na chanzo na tiba, na ajikite katika kueleza maisha ya watu wenye usonji wa kata yake, watoto na watu wazima, kwa ridhaa yao na ya koo zao.

Serikali na vyuo vina la kufanya, nalo si ghali. Vyuo vya Morogoro na Dar es Salaam vinaweza kuteua wasimamizi wa watafiti wasio na ajira ya utafiti, NIMR na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, zikaweka utaratibu mwepesi na ada ndogo kwa tafiti za maelezo zisizogusa mwili wa mtu, na halmashauri ikamruhusu mwalimu au muuguzi mwenye kibali kutumia siku chache za mwezi kwa kazi hiyo. Wewe unayefikiria kuianza, usiache kazi bado. Tafuta kwanza mtu mmoja mwenye ujuzi atakayesoma daftari lako na kukuambia ulipokosea. Ukimkosa, kazi yako ya kwanza ni kumtafuta huyo.